Kuhamishia Riwaya ya Jasura Jukwaani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa tena na tena na walimu wa vikundi vya maigizo, waandishi wanaoanza, na waongozaji wanaotafuta kazi yenye mbio na damu ya kuwapa vijana. Mifano mingi nimeitoa katika *Treasure Island* ya Robert Louis Stevenson, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata zamani kwa jina la *Kisiwa Chenye Hazina*. Ndiyo ninayoulizwa zaidi, na ndiyo iliyonifundisha zaidi.

## Kabla ya kushika kalamu

Kwa nini riwaya za jasura zinaita jukwaa kuliko nyingine?

Kwa sababu nyingi ziliandikwa kwa vipande. *Treasure Island* ilitoka katika jarida la vijana la *Young Folks* kuanzia Oktoba 1881 hadi Januari 1882, ndipo ikawa kitabu mwaka 1883. Riwaya ya Jules Verne ya safari ya kuizunguka dunia kwa siku 80 ilitoka katika gazeti la *Le Temps* mwaka 1872. Riwaya ya *Monte Cristo* ya Alexandre Dumas iliwasubirisha wasomaji wa gazeti tangu 1844 hadi 1846. Mwandishi wa namna hiyo alikuwa hana budi kukiishia kila kipande mahali ambapo msomaji atakosa usingizi. Mahali hapo ndipo pazia linapotaka kufungwa.

Lakini zawadi hiyo ina mtego. Riwaya yenye sura 34, kama hii ya Stevenson, ina vilele vingi mno kwa usiku mmoja. Ukivibakiza vyote, hadhira itachoka kabla ya kile kilicho muhimu. Tazama swali la wapi pa kuanza kukata.

Je, ninahitaji ruhusa ya mtu?

Angalia mwandishi alikufa lini. Mkataba wa Berne wa 1886 na marekebisho yake unalinda kazi kwa maisha ya mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeongeza hadi miaka 70. Dumas alikufa 1870, Stevenson 1894, Verne 1905, na Rider Haggard, mwandishi wa *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, 1925. Kwa hesabu zote mbili, kazi zao ni mali ya kila mtu.

Wengi hunaswa kwenye tafsiri. Mfasiri ana haki yake mwenyewe, na miaka yake huhesabiwa tangu kifo chake yeye. Ukinukuu mazungumzo ya tafsiri neno kwa neno, hakikisha kwanza kwamba tafsiri hiyo nayo iko huru. Ukikisoma kitabu cha asili na kuandika maneno yako mwenyewe, mfasiri hana dai juu yako. Vivyo hivyo kwa tamthilia zilizokwisha kuandikwa kutokana na riwaya hiyo: riwaya ni huru, tamthilia ya mwenzako ina mwenyewe.

Naweza kuchukua mambo niliyoyaona kwenye filamu?

Usichukue, na kwanza hakikisha unajua lipi ni la filamu. Watu wengi wanaamini kwamba msafiri wa Verne alipaa kwa puto. Kwenye riwaya hapandi puto hata mara moja. Puto lililetwa na filamu ya 1956. Kitabu chenyewe kina kitu kinachofaa zaidi jukwaani: gari la kuteleza juu ya theluji, limetwekwa tanga, abiria wamejikunyata kwa baridi. Watu watano wenye shuka moja na upepo wa mdomoni wanaweza kulionyesha.

Kilichobuniwa na filamu ni mali ya waliokibuni. Rudi kitabuni. Ukikuta jambo unalolipenda halimo, ama liache, ama buni lako.

Nisome mara ngapi kabla ya kuandika?

Mara mbili, kitabu kizima, tena kile kisichofupishwa. Kisha kifunge, kaa siku chache, uandike kwa kumbukumbu tu matukio unayoyakumbuka. Orodha itakuwa fupi. Mifupa ya tamthilia yako imo humo, na ukiifuata hutasumbuliwa na uaminifu wa kupindukia kwa kitabu.

## Kukata na kubakiza

Tamthilia iwe na urefu gani?

Saa mbili pamoja na mapumziko zinatosha. Kwa watoto, punguza. Usipime kwa kuhesabu maneno kwa viwango vya lugha nyingine. Kiswahili hufunga sentensi nzima ndani ya neno moja, kama *tulipowakimbilia*, kwa hiyo maneno elfu kumi ya Kiswahili hukaa jukwaani muda mrefu kuliko unavyodhani. Kaeni mezani, msome kwa sauti, saa ikiwa mbele yenu. Kisha ongezeni muda wa kutembea, kupigana na kubadilisha mavazi, ambao karatasi haiuonyeshi.

Dumas mwenyewe alipoihamishia Monte Cristo jukwaani mwaka 1848, alishindwa kuibana katika usiku mmoja akaigawa katika siku mbili. Alikuwa na ukumbi wake mwenyewe. Sisi tusio nao tunakata.

Nianze kukata wapi?

Usianze na kukata. Anza na kutafuta watu wawili ambao hadithi ingekufa bila uhusiano wao.

Katika *Treasure Island* wengi hujibu kwamba hadithi ni ya hazina. Someni tena. Wanapofika kwenye shimo wanalikuta tupu. Ben Gunn alikwisha kuihamisha mali zamani. Stevenson mwenyewe anatuambia hazina haitoshi kubeba kilele. Kinachobeba ni Jim Hawkins, kijana aliyefiwa na baba mwanzoni mwa kitabu, na John Silver, mpishi wa meli mwenye mguu mmoja, anayempenda kweli na yuko tayari kumuuza. Kila tukio linalobana au kulegeza kamba kati ya hao wawili libaki. Ramani ya kisiwa iliyoelezwa kwa kurasa, barua ndefu ya kabaila anayeigharimia safari, hesabu za pepo na mikondo: zote zinaweza kwenda, au ziwe sentensi moja ya baharia anayepita.

Chukua pipa la matufaha. Meli iko karibu na kisiwa, Jim anaingia pipani kutafuta tunda, Silver anakuja na kuegemea pipa lile lile, anaanza kumshawishi baharia kijana ajiunge na uasi. Anatumia maneno matamu yale yale aliyomwambia Jim. Kijana anasikia kwamba sifa alizodhani ni zake peke yake hugawiwa kila mtu. Tukio hili linahitaji pipa moja na waigizaji watatu, na nimeona ukumbi mzima ukizuia pumzi kwa ajili yake, ukumbi ule ule uliokuwa ukipiga soga wakati wa vita vya mizinga. Ukiwa na muda wa tukio moja tu la kurefusha, refusha hili.

Kuna moja jingine nisiloliachia kamwe likatwe: Jim, amejificha vichakani, anamwona Silver akimuua baharia aliyekataa kuasi. Waongozaji huliondoa kwa kuwahurumia watoto. Likiondoka, Silver anabaki mjomba mcheshi mwenye kasuku, na mapenzi ya Jim kwake hayana gharama yoyote.

Hadithi inasimuliwa na "mimi". Msimulizi abaki?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na lugha yetu inasaidia kulijibu. Msimulizi wa kitabu huishi ndani ya *-ka-*: nikaona, nikakimbia, nikajificha. Jukwaa huishi ndani ya *-na-* na amri: anakuja, inama, nyamaza! Pitia rasimu yako ukizungushia kila *-ka-*. Zinapofuatana tatu au nne, hapo bado unasoma riwaya kwa sauti, na mwigizaji wako amegeuzwa kuwa mbao ya matangazo.

Kumbakiza msimulizi kuna faida: anaruka miezi kwa sentensi moja na anatupa mawazo ya ndani. Kuna hasara pia. Mtu mzima anayesimulia alivyonusurika ametutangazia kwamba alinusurika, na taharuki imepungua. Njia ninayoipendelea ni kumpa usimulizi kijana mwenyewe, papo hapo, asiyejua kesho, na kumnyima kauli kila inapowezekana tukio lionekane. Wengine hugawa usimulizi kwa kundi zima, kila mmoja sentensi yake, na kundi lile lile ndilo linakuwa upepo, mawimbi na umati bandarini. Inafaa sana mahali penye safari ndefu.

Kumbuka kwamba hata Stevenson alilazimika kuivunja kanuni yake: katika sura ya 16 hadi ya 18 Jim hayupo, na Daktari Livesey anashika usimulizi. Jukwaani tatizo hilo linaisha lenyewe, maana tunaweza kuwaona daktari na wenzake ngomeni bila kumwomba mtu ruhusa.

Mazungumzo yachukuliwe yalivyo?

Machache. Sentensi za karne ya 19 ni ndefu kwa pumzi ya mwigizaji, na zikifasiriwa moja kwa moja zinatoka na magongo. Jiulize msemaji anataka nini kwa msikilizaji, kisha mwandikie namna Mswahili angekitaka.

Silver ni mfano mzuri. Mbele ya kabaila ni mnyenyekevu: "Bwana mkubwa, mimi ni mpishi tu." Kwa mabaharia ni "Nyie!" tupu. Kwa Jim ni "mwanangu", na siku mambo yakiharibika anaweza kumwita "bwana mdogo" kwa sauti inayotisha. Kwa kuchagua tu namna ya kumwita mtu, umeshaandika nusu ya tabia yake.

Na msiogope msamiati wa baharini. Kiswahili ni lugha ya mabaharia: mlingoti, foromali, tanga, usukani, omo na tezi, joshi na demani. "Tweka tanga!" na "Ng'oa nanga!" zina mshindo ambao maelezo hayana. Hadhira isiyojua foromali ni nini itaelewa kwa kumwona mtu akiikimbilia.

## Bahari, meli, mapigano

Nitaionyeshaje meli?

Kwa kitu kimoja na miili ya watu. Niliwahi kuongoza onyesho lenye meli ya mbao iliyohitaji wanaume wanne kuisukuma. Kuibadilisha kulichukua muda mrefu kuliko tukio lililofuata, na kila usiku nilisikia hadhira ikianza kuongea gizani. Niliipenda meli ile, nikaitoa, na onyesho likapona.

Mwaka 1955 Orson Welles alileta London tamthilia yake ya *Moby Dick*, iliyotokana na riwaya ya Herman Melville ya kuwinda nyangumi, akiwaonyesha kundi la waigizaji wakifanya mazoezi kwenye jukwaa karibu tupu. Nyangumi na bahari vilitoka katika kamba, taa na kuyumba kwa pamoja kwa miili. Siri iko kwenye neno *pamoja*: waigizaji kumi wakiyumba kila mmoja kivyake ni walevi, wakiyumba kwa mdundo mmoja ni sitaha. Fanyeni zoezi hilo kila siku, dakika kumi, kabla ya maneno.

Ngazi moja inatosha kuwa mlingoti. Israel Hands, mmoja wa waasi, anapanda akimfuata Jim na kisu, kijana ana bastola mbili, hana pa kwenda zaidi ya juu. Hatua sita za ngazi, mwanga mwembamba, na urefu wa kweli ambao mwigizaji anaweza kuanguka akashikwa na wenzake.

Mapigano ya panga yafanyikeje bila mtu kuumia?

Yapangwe kama ngoma, hatua kwa hatua, na mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Panga zisiwe na makali wala ncha. Shambulio lilenge nje ya mwili, na wapiganaji watazamane machoni kabla ya kila pigo. Anzeni polepole sana, mkaze mwendo tu pale kila mmoja anapoweza kuyafanya bila kufikiri. Kabla ya kila onyesho, hata la thelathini, pigano lipitiwe lote. Bastola ya bandia nayo isielekezwe usoni mwa mtu.

Pigano fupi lenye mtu anayetaka kitu linapendeza kuliko refu lenye ufundi. Sekunde 40 zinatosha mara nyingi.

Na wanyama?

Onyesho la Verne la kuizunguka dunia, aliloliandika na Adolphe d'Ennery na kufunguliwa Paris mwaka 1874, lilikuwa na tembo hai jukwaani, na lilichezwa zaidi ya mara 400. Wewe tumia kikaragosi. Kasuku wa Silver akishikwa na mwigizaji anayeonekana waziwazi, mwenye sauti yake na macho yake, hadhira humwamini baada ya dakika moja.

Mguu mmoja wa Silver?

Chaguo bora ni mwigizaji ambaye kweli ana mguu mmoja. Ataleta wepesi wa gongo ambao hakuna mazoezi yanayoufundisha. Ukimkosa, usimfunge mtu mguu kwa saa mbili, maana damu hukwama na goti huharibika. Koti refu, suruali iliyoshonwa upya na gongo linalotumika sawasawa vinatosha. Jambo la kuonyesha ni kasi yake: Silver anatisha kwa sababu ni mwepesi kuliko wenye miguu miwili.

## Waigizaji

Tuko sita tu. Inawezekana?

Inawezekana. Toleo moja la Verne, la Mark Brown, huchezwa na watu watano wanaobeba wahusika 39. Anayecheza Jim asibadilike. Wengine wote wabadilike mbele ya macho ya watazamaji, kwa kofia, sauti na mgongo. Chora jedwali la nani yuko tukio gani kabla ya kuandika, la sivyo utamkuta mtu akijipiga risasi mwenyewe. Na mtu mmoja akicheza wahusika wawili, kuwe na maana: mwigizaji aliyekuwa baba anayekufa mwanzoni akirudi kama Silver, kila mtu ukumbini atahisi bila kuambiwa.

Kikundi chetu kina wasichana wengi, na kitabu kina wanaume tu.

Ni kweli, mwenye maneno ya maana ni mama yake Jim peke yake, naye tunamwacha mapema. Mwaka 2014 National Theatre ya London, kwa maandishi ya Bryony Lavery, ilimfanya Jim kuwa msichana na hadithi ikasimama imara. Daktari anaweza kuwa mwanamke, na mabaharia pia. Ukifanya hivyo, fanya kwa uamuzi na uangalie maneno mangapi yanabadilika maana. Silver akimwahidi *msichana* fungu lake la hazina, ahadi hiyo inaweza kuwa tamu kuliko ile ya kitabuni, na usaliti wake mchungu zaidi.

## Maswali magumu

Kitabu kina dharau kwa watu weusi. Nifanyeje?

Usijifanye hukuiona. Robinson Crusoe, katika riwaya ya Daniel Defoe ya 1719, anampa jina mtu aliyeokolewa naye bila kumuuliza lake, kisha anamfundisha amwite Bwana. Katika *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, riwaya ya Haggard ya 1885, Foulata anampenda Mzungu, anakufa, na kabla ya kukata roho anasema ni heri, maana jua haliwezi kuoana na giza. Mwandishi amemwondoa ili asimsumbue shujaa nyumbani.

Kufuta peke yake hakutoshi, kwa sababu dharau imo katika umbo: nani anaona, nani anaonwa. Mimi ningebadilisha jicho. Umbopa anaingia kama mtumishi wa msafara, kumbe ni Ignosi, mfalme halali anayerudi kudai kiti chake. Hiyo ni jasura kamili, na ya kwake ni kubwa kuliko ya wanaotafuta almasi. Hadithi ikianza kwake, Wazungu watatu wanakuwa wageni wanaomfaa kwa muda, na matukio mengi ya kitabu yanaweza kubaki karibu yalivyo. Kama hadithi haivumilii kugeuzwa hivyo, chagua nyingine.

Shujaa yuko peke yake. Atasema na nani?

Crusoe anakaa kisiwani miaka 28, na mwenzake anafika baada ya karibu miaka 25. Usimwache aongee na hewa saa nzima. Mpe kazi za mikono zenye ugumu wa kweli: kuwasha moto, kufinyanga chungu kinachopasuka. Mtu anayehangaika na kitu hutazamika muda mrefu bila neno. Kitabu chenyewe kimempa kasuku, mbwa na daftari la mema na mabaya, na hayo matatu tayari ni wasemaji wenzake. Mengine yote fupisha bila huruma.

Naruhusiwa kubadilisha mwisho?

Unaruhusiwa, ila uliza kwanza mwisho ule unafanya kazi gani. Silver hanyongwi wala hatubu. Anatoroka bandarini na mfuko wa fedha, na Jim anabaki na ndoto mbaya ambamo kasuku anapiga kelele za sarafu. Nimesoma rasimu nyingi zinazomfunga Silver pingu ili haki ionekane. Kila mara kijana anapoteza kitu: hana tena mtu wa kujiuliza juu yake.

Tukio lililopendeza mezani limekufa kwenye mazoezi. Nani alirekebishe?

Mwandishi, lakini akiwa amekaa chumbani mwa mazoezi. Mwombe mwigizaji alicheze tukio bila maneno kabisa. Likieleweka, maneno yamezidi. Yakate nusu mpaka kimya kianze kuuma. Lisipoeleweka, hakuna mtu ndani yake anayetaka kitu kwa mwenzake, na hapo hakuna sentensi nzuri itakayoliokoa: rudi kwenye swali la wawili wasioachana, ulione tukio hilo linawafanyia nini. Likiwa haliwafanyii chochote, litoe usiku huo huo, kabla waigizaji hawajalikariri.